Nimeacha ugali, lehemu imepanda: ini langu lina nini?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu kula bila wanga. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake ametuma vipimo vyake vyote, na kwa sababu wagonjwa wa aina yake wanaongezeka kliniki kwangu.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 41, kilo 56, urefu sentimita 163. Mimi na kaka yangu tuliamua kuacha wanga kabisa: hakuna ugali, wali, chapati, viazi wala maharage. Asubuhi mayai matatu ya kukaanga kwa samli na kahawa iliyokorogwa siagi. Mchana nyama au kuku na mchicha wa nazi. Usiku samaki wa kupaka na parachichi. Kaka alikuwa na kilo 108, kitambi na presha. Amepungua kilo 13. Tulipima pamoja kabla ya kuanza, tukapima tena baada ya miezi minne. Trigliseridi zake zimeshuka kutoka 3.4 hadi 1.4 (vipimo vyote ni milimoli kwa lita), na LDL yake, ile wanayoiita lehemu mbaya, ilikuwa 3.3, sasa 3.2. Mimi trigliseridi ni 0.6 na HDL, ile wanayoiita lehemu nzuri, 2.2, lakini LDL imetoka 2.7 hadi 6.3! Mtu wa maabara akaniambia ini langu limechoka kuchuja mafuta. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanasema nisijali, LDL haina maana kama trigliseridi ziko chini. Tumezaliwa tumbo moja, tunakula chungu kimoja. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimsikilize wa maabara, na wale wa WhatsApp usiwasikilize kabisa.

Ini lako halijachoka. Ini halichuji mafuta na kubaki na uchafu. Kuhusu lehemu, au kolesteroli kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yako, ini linatengeneza, linapeleka nje, linarudisha ndani, na inayozidi linaitoa kupitia nyongo. Namba ya LDL inakuonyesha tu hesabu ya kinachotoka na kinachorudi.

Lehemu haiyeyuki katika maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ini huipakia pamoja na trigliseridi, yaani mafuta ya kuunguza, ndani ya chembe ndogo zilizozungushiwa protini. Chembe hiyo ikitoka kwenye ini inaitwa VLDL. Inapita kwenye misuli na kwenye akiba ya mafuta, inashusha trigliseridi zake, inasinyaa, na kinachobaki, chenye lehemu nyingi, ndicho LDL. Baadaye sehemu kubwa ya LDL hurudi kwenye ini lenyewe. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoinasa na kuiingiza ndani. Vipokezi hivyo viligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, walipokuwa wakichunguza ugonjwa wa kurithi ambao huwapa hata watoto shambulio la moyo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Watoto wale hawakuwa walafi wa nyama. Walizaliwa na vipokezi vibovu, au bila vipokezi kabisa, na LDL ikawa inazunguka kwenye damu bila pa kwenda.

Sasa tazama kilichotokea ulipoacha ugali. Akiba ya wanga kwenye ini ni ndogo, kama gramu 100 hivi, na kwa mtu asiyekula wanga inakwisha ndani ya siku moja au mbili. Insulini inashuka, glukagoni, homoni inayofanya kazi kinyume chake, inapanda, na akiba yako ya mafuta inaanza kuachia asidi za mafuta zinazoelekea kwenye ini. Sehemu ini huigeuza ketoni, nishati mbadala ya mwili. Sehemu nyingine huipakia upya kwenye VLDL na kuirudisha kwenye damu ili misuli ipate cha kuunguza.

Wengi hudhani ini likipokea mafuta mengi linatengeneza lehemu nyingi zaidi. Si hivyo. Kimeng'enya kinachoamua kasi ya kutengeneza lehemu, kiitwacho HMG-CoA reduktasi, huchochewa na insulini na kutulizwa na glukagoni. Kwako insulini iko chini, kwa hiyo upande wa kutengeneza hauna sababu ya kukimbia. Ila insulini hiyohiyo ndiyo inayolihimiza ini liweke vipokezi vya LDL, na ikishuka vipokezi navyo hupungua. Kwangu mimi, hapo kwenye kurudisha ndipo pa kuangalia kwanza.

Halafu kuna aina ya mafuta unayokula. Mafuta yanayoganda, hasa yenye asidi za lauriki, miristiki na palmitiki, hupunguza kazi ya vipokezi vya LDL. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni lauriki. Samli na siagi zina palmitiki na miristiki kwa wingi. Soma tena barua yako: samli asubuhi, siagi ndani ya kahawa, tui mchana, tui usiku. Mimi nimelelewa Tanga, mchicha bila tui kwetu si mboga, na sikuambii uliache. Lakini tui la mchicha wa watu sita, ulioliwa pamoja na ugali, ni kitu kimoja. Tui ambalo sasa ndilo linalokushibisha, mara mbili kwa siku, ni kitu kingine.

Hayo yote yanamhusu kaka yako pia. Mbona yeye LDL haikupanda? Sababu ni mwili ulioingia kwenye chakula hicho. Kaka alianza na trigliseridi 3.4 na kitambi. Kwa mtu kama huyo, insulini iko juu muda mrefu na ini linageuza wanga na sukari kuwa mafuta, mengine linayatoa kwenye VLDL na mengine yanabaki ndani ya ini. Akiacha wanga, kazi hiyo inasimama haraka. Mwaka 2018 watafiti wa Sweden na wenzao waliwapa watu 10 wanene wenye ini lililojaa mafuta chakula chenye wanga kidogo bila kuwapunguzia nishati, na ndani ya siku 14 mafuta ya ini yalikuwa yameshuka sana. Kupungua kilo nako kunashusha LDL, na kwake hilo lilikula kile ambacho samli ingeongeza.

Wewe ulianza mwembamba, trigliseridi zako hazikuwa tatizo, na huna mafuta mengi ya kupoteza. Mwaka 2018 huohuo, Norwei, vijana wenye afya na uzito wa kawaida waliokula chini ya gramu 20 za wanga kwa siku walipandisha LDL kwa wastani wa asilimia 44 katika wiki tatu tu. Yupo aliyepanda kwa asilimia 5, yupo aliyepanda kwa 107. Na mwaka 2024 uchambuzi uliokusanya majaribio 41 ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyo mwembamba anapoanza, ndivyo LDL yake inavyoelekea kupanda akila hivi. Kwa wanene sana haipandi. Kuna watafiti wanaoeleza kwamba mtu mwembamba, hasa mwenye mazoezi, anategemea zaidi VLDL kusafirisha mafuta ya kuunguza, kwa hiyo VLDL nyingi zinatoka, zinashushwa mzigo upesi, na kila moja inaacha mabaki yake. Trigliseridi chini, HDL juu, LDL juu sana: ni karatasi yako hiyo. Maelezo hayo bado yanapimwa, lakini mimi yananiingia akilini.

Kuhusu wale wa WhatsApp nasema wazi: wanakupotosha. Trigliseridi 0.6 ni jambo zuri, lakini haifuti LDL 6.3. Wenye ule ugonjwa wa kurithi niliouandika hapo juu wengi wana trigliseridi za kawaida na sukari ya kawaida, na bado mishipa ya moyo wao inaziba mapema. Tazama pia upande wa pili. Mwaka 2006 Marekani ilichapishwa taarifa ya watu weusi wanaorithi hitilafu kwenye jeni ya PCSK9. Protini ya jeni hiyo kazi yake ni kuharibu vipokezi vya LDL. Ikiwa na kasoro, vipokezi hudumu. Watu hao, asilimia 2.6 ya weusi waliochunguzwa, LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 maisha yao yote, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Hawakuchagua chakula wala dawa. Walizaliwa na LDL ndogo tu, ikawatosha.

Tena LDL haina dalili ya kuonekana kwa macho. Damu yenye trigliseridi nyingi sana ikitulia kwenye mrija, maji yake ya juu huwa meupe kama tui, hata asiye mtaalamu anashtuka. Maji ya damu yenye LDL 6.3 ni ya njano, maangavu, safi kabisa. Ndiyo maana mtu anajisikia mwepesi, ngozi nzuri, usingizi mzuri, anaamini kila kitu kiko sawa.

Fanya hivi, Mwalimu. Kwanza waulize wazee: kuna mwanamume katika ukoo aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 65? Shika kano nene iliyo juu ya kisigino, si mshipa wa damu, uone kama ina uvimbe mgumu. LDL yako ya mwanzo ya 2.7 inanifanya nisihisi ugonjwa wa kurithi, lakini kuuliza ni bure. Pima tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikilegea vipokezi vya LDL hupungua na lehemu hupanda hata kwa asiyekula samli. Na kama uzito bado unashuka, subiri utulie kabla ya kupima tena, maana wakati uzito bado unashuka LDL inaweza kupanda kwa muda, hata kama mwishowe kupungua huishusha.

Halafu badilisha mafuta. Ondoa siagi kwenye kahawa leo. Kaanga yai moja au mawili kwa alizeti kidogo. Acha tui liwe la siku moja moja, weka karanga, korosho, ufuta, parachichi, vibua na dagaa. Na rudisha wanga kidogo, gramu 50 hadi 100 kwa siku. Kiazi kitamu kimoja cha wastani cha kuchemsha na kikombe cha maharage vinakufikisha humo. Wembamba wengi wenye vipimo kama vyako LDL yao inashuka sana kwa kiasi hicho tu. Maharage uliyoyaacha ndiyo yaliyonisikitisha zaidi kwenye barua yako. Nyuzinyuzi zake hushika asidi za nyongo tumboni na kutoka nazo chooni. Ini likikosa nyongo iliyozoea kurudi, linalazimika kutengeneza nyingine kutokana na lehemu, na ili kuipata lehemu hiyo linaongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Mbaazi, kunde, choroko na utelezi wa bamia vina nyuzinyuzi za aina hiyohiyo.

Pima tena baada ya wiki nane. Ikibaki juu ya 4.9, nenda kwa daktari mkazungumze dawa, usiache mwaka upite. Na kaka yako? Yeye aendelee, ila apunguze samli na yeye. Mimi siipingi njia hii ya kula. Kwa mtu mwenye kitambi, trigliseridi 3.4 na presha, naiagiza mwenyewe.

SWALI: Daktari, mimi niko Arusha. Wamasai wamekula nyama, maziwa na damu tangu enzi, mbona hawakufa kwa moyo? Si ushahidi kwamba mafuta hayana neno?

JIBU: Ni swali zuri, na limewahi kuwaleta watafiti hadi huku kwetu. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai huku Tanganyika. Walikunywa maziwa mengi, lakini lehemu yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa adimu. Mwaka 1971 kundi jingine la Wamarekani lilionyesha sababu mojawapo: Wamasai walipokula lehemu nyingi, miili yao ilipunguza sana utengenezaji wake, hesabu ikabaki palepale.

Watu hawapendi kusimulia sehemu inayofuata. Mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Kuta za mishipa zilikuwa zimejaa utando wa mafuta, kama za wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikawa na nafasi ya kupita. Watu wale walitembea na mifugo kutwa, walikuwa wembamba, na chakula hakikuwa kingi siku zote. Wewe ukikaa ofisini kwa muda wa saa nane, ukarudi nyumbani kwa gari, umechukua maziwa yao ukaacha miguu yao.

Ule uwezo wa ini kupunguza utengenezaji lehemu ya chakula ikiongezeka tunao karibu sote, ingawa hatulingani. Ndiyo sababu yai moja lenye miligramu 200 hivi za lehemu halimpandishi mtu wa kawaida kwa kiasi kikubwa. Yai silo lenye kesi. Angalia limekaangwa na nini.

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa watoto wanne, Kisauni, Mombasa. Nimepungua kilo 16 kwa miezi miwili na nusu, nakula mara moja tu kwa siku na sigusi wanga. Sasa nikila nyama ya mafuta usiku napata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani. Ni vidonda vya tumbo?

JIBU: Mama, kwa ulivyoeleza mimi nafikiria mawe kwenye kifuko cha nyongo kabla ya vidonda. Nenda ukapigwe picha ya ultrasaundi ukiwa hujala.

Lehemu inayotoka mwilini inapitia kwenye nyongo. Ini huimwaga humo pamoja na asidi za nyongo zinazoishikilia isigande. Mtu akipungua haraka, lehemu iliyokuwa imekaa kwenye akiba ya mafuta inaachiliwa, ini linaimwaga kwenye nyongo kwa wingi kuliko nyongo inavyoweza kuibeba, na inaanza kuwa chengachenga. Ukila mara moja kwa siku, kifuko kinakaa saa nyingi bila kukamuliwa, chengachenga zinapata muda wa kuwa mawe. Wanawake, hasa waliozaa mara kadhaa, wako hatarini zaidi.

Mafuta kwenye mlo ndiyo yanayokikamua kifuko, kwa hiyo kabla ya mawe kutokea mafuta kidogo katika kila mlo hukusaidia. Mawe yakishakuwepo, kukamua huko ndiko kunakoleta maumivu. Kwa sasa kula milo mitatu midogo, punguza mafuta, na usishuke zaidi ya kilo moja kwa wiki. Ukipata homa, macho yakawa ya njano au mkojo ukawa wa rangi ya kokakola, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 67, Dodoma. Nina kisukari, na mwaka jana nilipata kiharusi kidogo. Nimepunguza wanga na sukari imeshuka vizuri. Daktari ameniandikia dawa ya lehemu, lakini mpwa wangu anasema dawa hizo zinaua ini, na kwamba chakula kinatosha. Nizimeze?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Zimeze. Mtu aliyepata kiharusi cha mshipa kuziba hahesabiwi sawa na yule Mwalimu wa Morogoro anayejaribu kwanza viazi na maharage. Wewe LDL yako tunataka iwe chini ya 1.8, na kwa chakula peke yake ni wachache sana wanaofika huko.

Dawa hizo, statini, zilianzia Japani. Akira Endo alitafuta kwenye ukungu wa aina ya Penicillium kitu cha kuzuia utengenezaji wa lehemu, akakipata katika miaka ya 1970. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa ilitoka 1987. Inakizuia kilekile kimeng'enya nilichokitaja juu, ini linahisi lehemu yake ya ndani imepungua, na linaongeza vipokezi ili livute LDL kutoka kwenye damu. Haiui ini. Kwa baadhi ya watu vipimo vya ini hupanda kidogo na kurudi. Madhara makubwa kwa ini ni nadra mno. Wengine hupata maumivu ya misuli, na yakikupata rudi kwa daktari abadilishe kipimo au aina. Usiache kimya kimya.

Nina wasiwasi zaidi na dawa zako za sukari. Kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi kwa kiasi kilekile cha zamani huku umepunguza wanga, sukari inaweza kuporomoka usiku. Na kama unameza dawa ambayo jina lake linaishia na flozini, kula bila wanga kunaweza kukuletea sumu ya ketoni kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana: kichefuchefu, kutapika, kuhema haraka, tumbo kuuma. Mwambie mpwa wako aache mabishano ya ini, achukue karatasi, aandike kila dawa iliyo kwenye mfuko wako na saa unayoimeza, aandike na unachokula kutwa, kisha aende nawe kliniki wiki hii, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.